Shindano la Amani la Bia Nyeusi

Nchi hiyo ipo, ila msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani zake zote zilikamatwa kwa kosa la kuonyesha mipaka bila kibali, na aliyezichora bado anahojiwa. Jina la nchi nalo silitaji, si kwa woga bali kwa heshima. Maana wanaolitaja bila heshima huvunjwa taya.

Katika nchi hiyo Jeshi na Polisi walikuwa hawapatani. Asubuhi polisi waliwapiga raia, jioni wanajeshi wakawapiga raia walewale, na kila upande ukalalamika kwamba mwenzake anauharibia kazi. Ugomvi ulipofikia kulipuliana makambi kwa mabomu, Mtukufu Rais, mpenda amani asiye na kifani, akatoa amri: kuanzia sasa pande hizo mbili zishindane kwa bia. Tena si bia ile nyepesi ya rangi ya majani makavu, ambayo Mtukufu aliiona ni kinywaji cha wapinzani, bali bia nyeusi, nzito, chungu, yenye kuongeza damu. Jeshi likajenga kiwanda, bia yake ikaitwa Kishindo. Polisi nao wakajenga chao, bia yao ikaitwa Pingu. Kila mwaka, Siku ya Amani, majaji watatu wangeonja na kutoa hukumu hadharani.

Mwaka wa kwanza majaji waliipa ushindi Kishindo, wakafia mikononi mwa polisi kwa ugonjwa ulioitwa mafua. Mwaka wa pili majaji wengine waliipa ushindi Pingu, na mafua yakawafuata mpaka kambini. Mwaka wa tatu hakuna aliyeomba kazi hiyo, ingawa ilikuwa na sare nzuri. Ndipo mtu mmoja wizarani akakumbuka kwamba yupo mwanamke anayeitwa Perpetua Malekela.

Perpetua alikuwa mwonjaji mkuu wa kiwanda cha zamani cha bia kwa miaka ishirini na miwili. Ungempa funda moja tu, naye angekuambia shayiri ilikaangwa siku gani, katika kikaango kipi, na kama aliyekaanga alikuwa amegombana na mkewe. Hilo la mwisho halikumpa shida, kwa sababu mkaangaji alikuwa mumewe mwenyewe, Deusdedit, ambaye watu walimwita Baba Edina kwa jina la binti yao aliyekuwa akiishi ng'ambo.

Miaka sita kabla ya haya, Baba Edina alisikika kantini akisema kwamba bia iliyopikwa kwa sherehe ya kuzaliwa Mtukufu ilikuwa na maji mengi. Kesho yake akachukuliwa kuhojiwa. Keshokutwa yake Polisi wakatangaza kwamba ameanguka kutoka dirishani akafa. Jengo la mahojiano halikuwa na ghorofa hata moja. Perpetua alipouliza imekuwaje, akajibiwa kwamba alianguka mara nyingi. Akapewa jeneza lililopigwa misumari hamsini, akakatazwa kulifungua, akalizika. Tangu siku hiyo hakugusa bia tena. Alishona mito na magodoro, akanyamaza.

Wanajeshi waliotumwa kumchukua walikuta mlango uko wazi. Wakaufunga kwanza, ndipo wakauvunja, maana amri waliyopewa ilisema wauvunje.

"Mama, wewe ndiye unayejua ladha?" aliuliza sajini wao.

"Nilikuwa najua zamani."

"Basi bado unajua," alisema sajini, akamzaba kofi la kumtambulisha, na safari ikaanza.

Wakampeleka kwenye nyumba ya wageni wa taifa, ambako majaji wenzake wawili walikuwa wameshafika. Mmoja alikuwa Mwalimu Kaswalala, mstaafu wa hesabu, aliyechaguliwa kwa sababu alijua kuhesabu mpaka kumi. Wa pili alikuwa Daktari Ponela, daktari wa mifugo. Wote wawili hawakuwa wamewahi kuonja bia nyeusi, na wote wawili walikuwa wakisali.

Wa kwanza kuwatembelea alikuwa Jenerali Ngwatu, mkuu wa Jeshi. Aliketi mbele ya Perpetua, akakunja nne. Nyuma yake askari wawili walikuwa wakimchapa Mwalimu Kaswalala kwa mikanda, na kila mkanda uliposhuka Jenerali alinyamaza kidogo, kwa adabu, ili sauti yake isifunikwe.

"Mama Perpetua, mimi si mtu wa vitisho." Mkanda. "Ninachotaka ni haki tu." Mkanda. "Na haki ni Kishindo ishinde. Ikishinda Pingu, nitakupiga risasi mimi mwenyewe. Siwatumi vijana. Ni heshima hiyo, mama."

"Nimesikia, baba," alisema Perpetua.

Hakujapita saa moja akaja Kamishna Mafuru, mkuu wa Polisi, mtu mpole mwenye miwani. Yeye alimvunja Daktari Ponela vidole viwili vya mkono wa kushoto, akaeleza kwamba alama huandikwa kwa mkono wa kulia na Polisi hawana nia ya kuvuruga shindano.

"Mama," alisema huku akifuta miwani, "ukiipa ushindi Kishindo, nitakukata ulimi. Wala si kwa chuki. Tutauhifadhi kwenye makumbusho ya taifa, wanafunzi waje kuutazama."

Perpetua alimwangalia Daktari aliyekuwa akigaragara sakafuni. Halafu akasema, "Nitahitaji mkate mkavu, maji ya kusukutua, na glasi zisizo na harufu ya sabuni. Na bia zisiwekwe barafu."

"Kwa nini zisiwekwe barafu?"

"Baridi inaficha mambo. Ukitaka kujua kilichomo, acha ipate joto kidogo."

Kamishna alipendezwa sana na maneno hayo. Akayaandika kwenye daftari lake, kwa matumizi ya mahojiano.

Siku ya Amani uwanja wa taifa ulifurika. Watu walikuwa wameletwa kwa malori tangu asubuhi, na waliokataa kuja walikuwa wameletwa pia, chini ya malori. Upande wa kulia waliketi wanajeshi elfu moja na bunduki zao. Upande wa kushoto waliketi polisi elfu moja na za kwao. Katikati, juani, palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na mapipa arobaini ya bia yamepangwa nyuma yake.

Waziri wa Vinywaji na Mshikamano, Profesa Lutambi, akapanda jukwaani na hotuba ya kurasa themanini.

"Ndugu wananchi! Povu mnaloliona leo ni povu la maendeleo! Wapo wachochezi wanaouliza, chakula kiko wapi? Nami nawauliza, bia nyeusi inatengenezwa na nini? Na nafaka! Nafaka ni nini? Ni chakula! Kwa hiyo kunywa ni kula, na mtu yeyote atakayesema ana njaa huyo atakuwa amelewa, na ulevi hadharani ni kosa la jinai!"

Makofi yalipigwa dakika kumi. Mtu wa kwanza kuacha kupiga alitolewa nje, na sauti yake ikasikika mara moja tu.

Kazi ya kuonja ikaanza. Mwalimu Kaswalala, uso umemvimba hata jicho moja halionekani, alimimina bia katikati ya midomo iliyopasuka. "Kishindo, kumi," alisema. "Pingu, n..." Rungu la polisi lilimkuta sikioni kabla hajaimaliza nne. Alianguka kifudifudi mezani, damu ikatambaa kwenye kitambaa cheupe, na wahudumu wakaja haraka kubadilisha kitambaa.

Daktari Ponela akaonja, akasema, "Pingu, kumi. Kishindo naomba nisiseme." Askari mmoja akampiga kitako cha bunduki kifuani. Kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia mbavu zikivunjika, hata wale wa viti vya nyuma kabisa.

"Mpaka sasa ni sare!" alitangaza Waziri kwa furaha. "Amani imetawala! Tumsikilize jaji wa mwisho!"

Perpetua alisogea mezani. Akainua glasi ya Kishindo kuelekea juani. Ilikuwa nyeusi tii, ila pembeni, pale glasi inapopinda, mwanga ulipenya kidogo ukatoka mwekundu. Povu lake la kahawia lilikuwa zito, limetulia, haliharakishi kufa. Akainusa. Kahawa, ganda la mkate ulioungua, moshi kwa mbali. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, akasahau kidogo mahali alipo. Akavuta funda, akalizungusha mdomoni, akalimeza taratibu.

Uchungu ulipanda, ukakaa, ukaanza kushuka. Na chini ya ule uchungu, pale ambapo bia nyingine huwa hazina kitu, akakuta utamu mdogo wa ulezi uliokaangwa.

Ulezi haukuwa kwenye kitabu chochote cha kupikia bia. Katika nchi nzima alikuwa mtu mmoja tu aliyeutia, kiganja kimoja kwa kila pipa, kwa kificho wakati bosi ametazama pembeni, kwa sababu mama yake mzazi alipika hivyo. Na mtu huyohuyo alikuwa na kawaida ya kuchelewa kuiepua shayiri motoni, dakika mbili hivi, kwa kuwa hakupenda kuukatiza wimbo aliokuwa akiuimba. Dakika hizo mbili zilikuwapo ndani ya glasi, mwishoni kabisa mwa ulimi, kama alivyozijua miaka yote.

Perpetua akala mkate. Akasukutua. Akainua glasi ya Pingu.

Ulezi. Dakika mbili.

Bia ilikuwa changa, haijapita mwezi mmoja na nusu tangu ipikwe. Mtu aliyezikwa miaka sita iliyopita hakaangi shayiri mwezi uliopita. Ndani ya lile jeneza la misumari hamsini alikuwamo nani, Mungu ndiye ajuaye. Lakini Baba Edina yuko hai, yuko mahali fulani amesimama mbele ya kikaango, na anaimba.

"Mama, wananchi wanasubiri," alinong'ona Waziri.

Perpetua aliwaza haraka kuliko alivyowahi kuwaza maishani. Akiisema Kishindo, atakatwa ulimi. Akiisema Pingu, atapigwa risasi. Na vyovyote iwavyo mumewe atabaki hukohuko aliko, naye hakujui. Wanaojua aliko ni wawili tu, nao wameketi mbele yake, kila mmoja na bastola kiunoni. Akakivuta kipaza sauti.

"Sina mshindi," alisema. "Bia hizi ni moja. Zimepikwa na mkono mmoja, kikaango kimoja, shayiri moja. Mmoja wenu hapa amepikiwa na mpishi wa mwenzake."

Jenerali Ngwatu akasimama polepole.

"Kamishna, umemgusa mfungwa wangu?"

"Mfungwa wako?" Kamishna alivua miwani. "Yule mtu wa Gereza la Kitope ni wangu tangu siku nilipomkamata!"

"Mimi ndiye niliye naye! Jumatatu mpaka Jumatano!"

"Nami ninaye Alhamisi mpaka Jumamosi!"

Wakatazamana. Jenerali akauliza kwa sauti ya chini, "Na Jumapili?"

Mkuu wa Gereza la Kitope, aliyekuwa akiwakodishia wote wawili mtu mmoja na sasa ameketi mstari wa pili, akaanza kuinuka taratibu kuelekea mlangoni. Risasi mbili zilimpata kwa wakati mmoja, moja ya Jenerali na nyingine ya Kamishna. Wanahistoria wa nchi hiyo wanakubaliana kwamba hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Jeshi na Polisi walilifanya kwa ushirikiano. La pili halikutokea, maana walipomaliza kumtazama yule marehemu waligeukiana.

Walianza kwa chupa, kwa kuheshimu Siku ya Amani. Chupa zilipoisha wakashika bunduki. Polisi mmoja alimkaba mwanajeshi akamzamisha kichwa kwenye pipa la Pingu mpaka miguu ikaacha kurusha mateke. Mwanajeshi mwingine akampasua huyo polisi kisogo kwa mlingoti wa bendera. Mapipa yalitobolewa kwa risasi, bia ikaruka juu kama maji ya mabomba yaliyopasuka, ikachanganyika na damu na kutengeneza tope lenye povu, na watu wakateleza humo, wakakanyagana humo, wakachomana visu humo wakiwa wamelala. Raia waliokimbilia kulia walipigwa risasi kwa kuwa polisi. Waliokimbilia kushoto walipigwa kwa kuwa wanajeshi. Profesa Lutambi alikuwa amerudi kwenye hotuba yake, wala hakuacha kusoma. Alikuwa ukurasa wa sitini na mbili, kwenye neno "utulivu", pipa lilipompitia kifuani.

Perpetua alitoka chini ya meza akitambaa. Alimvuta Daktari Ponela kwa kola ya shati, akamkuta ameshakata roho, akamfumba macho. Mwalimu naye alikuwa amekwisha poa. Akaendelea kutambaa hadi kwenye geti la nyuma, ambako gari la maiti lilikuwa limeegeshwa tangu asubuhi, kama utaratibu wa Siku ya Amani unavyotaka. Dereva wake, Yustasi, alikuwa amejilaza chini ya usukani.

"Baba, nipeleke Kitope," alisema Perpetua.

"Mama, gari hili ni la maiti. Una maiti?"

"Ninayo. Iko Kitope, inanisubiri."

Yustasi alimtazama mwanamke yule, amelowa damu na bia hadi nywele. Risasi ikavunja kioo cha nyuma. Akawasha gari.

Gereza la Kitope walilikuta halina askari, wote wamekimbilia uwanjani kuchagua upande. Amebaki karani mmoja, Bi Tumpe, mama wa makamo, amejiinamia juu ya daftari kubwa.

"Shikamoo, mama," alisema karani. "Tukusaidie nini?"

"Marahaba. Nimemfuata Deusdedit Malekela."

Bi Tumpe akashuka na kidole kwenye orodha. "Huyu hayupo. Alikufa miaka sita iliyopita, alianguka kutoka dirishani. Cheti hiki hapa, kimesainiwa na Kamishna, na Jenerali ndiye shahidi."

"Ndiyo. Mimi ni mjane wake. Nimekuja kuchukua maiti."

Karani akainua kichwa. Alikuwa mtu wa taratibu, na utaratibu aliujua: maiti hutolewa kwa ndugu, na maiti hii ilikuwa imekaa miaka sita bila kudaiwa. "Lo, mama, umechelewa sana," alisema kwa masikitiko. Akachukua funguo na shuka, akaenda mpaka jikoni nyuma ya seli, na Perpetua akamsikia akiita, "Marehemu! Acha kukaanga, wamekuja kukuchukua!"

Mtu aliyetoka alikuwa mfupa na ngozi. Sikio la kushoto halikuwapo. Mikono ilikuwa na makovu ya moto hadi kwenye viwiko. Alimwona mkewe, mdomo ukamfunguka, na Perpetua akatikisa kichwa mara moja: usiseme.

"Fomu inataka mwili uwe umelala," alisema Bi Tumpe. Baba Edina akalala kwenye machela. Akafunikwa shuka. Yustasi akashika mbele, Perpetua nyuma, wakaanza kutoka.

Ndipo lori la jeshi lilipovunja geti. Jenerali Ngwatu akashuka na bastola mkononi, sigara mdomoni, nusu ya uso wake ikiwa imeliwa na chupa.

"Mpika bia yuko wapi?"

"Amefariki, afande," alisema Bi Tumpe. "Huyo ndiye anatoka."

"Amefariki lini? Jana amenipikia mimi!"

"Miaka sita iliyopita, afande. Cheti kina sahihi yako." Akamwonyesha.

Jenerali aliitazama sahihi yake muda mrefu. Kusema si kweli kungekuwa kusema kwamba Jenerali aliwahi kushuhudia uongo, na adhabu ya neno kama hilo ni kifo. Lakini alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akaifunua miguu ya maiti, akaitoa sigara mdomoni, akaizimia katikati ya unyayo, akiisokota polepole.

Perpetua aliona ngozi ikifuka moshi. Akaona kidole gumba kikikakamaa. Akaachia machozi na sauti kwa pamoja, akapiga yowe la msiba lililotikisa bati za gereza, akajitupa juu ya machela, akajigaragaza, akalia, "Baba Edina wangu jamani! Mmeniulia, bado mnamchoma! Jamani, jamani!" Wala hakuwa anaigiza. Kilio alichokatazwa kulia mbele ya jeneza miaka sita iliyopita ndicho kilichokuwa kikitoka. Chini ya kilio hicho, kama Baba Edina aliguna, hakuna aliyemsikia.

"Mtoeni," alisema Jenerali, akatema mate.

Hawakufika mbali kwenye njia ya mawe kabla malori ya polisi hayajawapita kwa kasi yakielekea gerezani. Nyuma yao risasi zikaanza, zikaendelea, halafu Kitope nzima ikalipuka kwa moto, maana stoo ya spiriti ilikuwa jirani na silaha. Redio ya taifa ikatangaza kwamba Jenerali na Kamishna wamefariki kwa mafua wakiwa wamekumbatiana, kwamba wananchi mia nne na kumi na saba uwanjani wamezidiwa na kinywaji, na kwamba Shindano la Amani limefana. Mtukufu akaahidi kwamba mwaka ujao Jeshi la Majini na Zimamoto watashindana kwa jibini.

Mpakani ofisa alisoma fomu, akafunua shuka, akakutana na macho mawili yanayomtazama. Akaisoma fomu tena. Mihuri yote ilikuwapo. "Pole sana, mama," alisema, akalifunika shuka vizuri, akainua kizuizi.

Ng'ambo ya daraja, Yustasi alisimamisha gari akaenda kukaa mbali kidogo, kwa heshima. Jua lilikuwa bado liko juu. Perpetua alifungua mlango wa nyuma, akalivuta shuka. Mumewe alikuwa amelala vilevile alivyowekwa, mikono ubavuni, hata nzi aliyetua juu ya kidonda hakumfukuza.

"Baba Edina. Tumevuka."

Alishuka kwa shida, akasimama kwa mguu mmoja mzima pembeni ya barabara, ameinamisha kichwa, visigino pamoja. Akasubiri. Perpetua hakuelewa anasubiri nini. Mwishowe akamsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na nyapara:

"Naomba ruhusa ya kukaa."

Perpetua akaketi yeye kwanza, palepale kwenye vumbi, akaunyoosha mkono kuushika wa kwake, akauvuta taratibu mpaka magoti yakakunjika.